Kuhama Kutoka Upinde wa Roda Kwenda Upinde wa Jadi: Mwongozo kwa Mwindaji wa Kulungu

Huenda una upinde wa roda umeuning'iniza gereji, ule ambao huku Marekani kila mtu anauita kompaundi, na umeshaangusha nao kulungu wa mkia mweupe katika misitu ya Ohio, Pennsylvania au Minnesota. Wengi wetu tuliotoka Kenya uwindaji tumejifunzia huku huku, maana kwetu umepigwa marufuku tangu 1977, na mwalimu wetu wa kwanza alikuwa upinde huo wenye pini za kulengea na kifyatulio cha kufunga kiganjani. Sasa unatamani upinde mtupu: mti, upote na mshale, basi.

Tamaa yako ni njema. Ila namba zako za zamani ziache nyuma. Ratili unazovuta, yadi unazopigia, kasi ya mshale, hata aina ya chembe uliyoizoea, vyote hivyo vilikuwa mali ya roda. Anayehama navyo ndiye anayeishia kufuata matone ya damu usiku kucha asione kitu.

Angalia jinsi vyombo hivi viwili vinavyofanya kazi. Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri aliomba hataza ya upinde wenye roda mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Ujanja wake uko kwenye roda zisizo duara kamili: ukivuta unakutana na uzito mkubwa katikati ya safari, kisha roda zinapinduka na uzito unashuka. Upinde wa ratili 70 unaopunguza asilimia 80 unakuachia ratili 14 tu mkononi ukiwa umevuta hadi mwisho. Ndiyo maana unaweza kusimama hapo, ukamsubiri kulungu atoe bega nyuma ya mti, ukapumua, ukafyatua. Upinde wa jadi ni kinyume chake. Kila inchi unayovuta inaongeza uzito, na uzito wote unakuja pale pale unapohitaji utulivu. Mtu anayeringa kwamba amezoea ratili 70 kwa kweli amezoea kushikilia 14.

Upinde gani, wa ratili ngapi

Anza na upinde mwepesi kuliko majivuno yako. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyekuwa akivuta 60 au 70 kwenye roda, ratili 30 hadi 35 zinatosha kujifunzia, na 40 hadi 45 zinatosha kuwindia kulungu. Wapo wanaoruka moja kwa moja hadi 55. Wengi wao baada ya miezi michache huachia upote kabla mkono haujafika shavuni, na tabia hiyo ikishaingia mwilini kuing'oa ni kazi ya mwaka mzima.

Kuna njia ya kujipima hata ukiwa dukani. Keti kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, kisha vuta upinde taratibu ukiwa umeuelekeza mbele, siyo juu angani. Ukilazimika kujinyonganyonga au kuinua upinde juu ili upate nguvu, huo si wako. Kumbuka kwamba dukani umevaa fulana, na damu imechemka. Mwezi Novemba utakuwa umekaa juu ya mti saa tatu, umevaa koti nene, vidole vimekufa ganzi, na kulungu anakutazama.

Ratili zilizoandikwa kwenye upinde wa jadi hupimwa ukiwa umevutwa inchi 28. Wewe pengine hutafika hapo. Ukitoka kwenye kifyatulio ukaanza kushika upote kwa vidole, na mkono ukawa unatulia kwenye pembe ya mdomo, mvuto wako hupungua inchi moja hadi mbili. Kila inchi ni kama ratili mbili hadi tatu, kwa hiyo upinde ulioandikwa 45 unaweza kuwa 41 mkononi mwako. Hilo si jambo la mapambo tu, maana sheria nayo ina kauli: Pennsylvania inataka upinde wa kuwindia kulungu uwe na angalau ratili 35, na Alaska inaanzia 40 kisha 50 kwa wanyama wakubwa zaidi. Soma kijitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huu, siyo cha rafiki yako cha mwaka juzi.

Kati ya upinde mrefu ulionyooka na rikavu, yaani ule ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, mimi ningemwambia anayetoka kwenye roda anunue rikavu ya kufunguliwa, yenye mpini mmoja na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu. Sababu ni ya pesa kuliko ya ladha. Unanunua mabawa ya ratili 30 leo, na mwili ukizoea unanunua mabawa ya 40 au 45 tu, mpini unabaki ule ule uliokwisha kuzoea kiganja chako. Mpini wa rikavu pia ni mzito zaidi, jambo linalomsaidia aliyezoea chuma cha roda. Upinde mrefu ni mtulivu na mtamu kuvuta, lakini ule wa inchi 66 au 68 utakutesa ukiwa juu ya dungu, kwani bawa la chini litagonga ukingo au paja lako siku ambayo hukutaka. Rikavu ya inchi 58 hadi 62 inageuka vizuri mahali pafinyu.

Ukiupata wa mtumba kwenye mnada wa mtaani, ukague kwa kidole na kwa mwanga kutoka ncha hadi ncha, utafute nyufa na tabaka zilizoanza kuachana. Pinde za miaka ya 1960 na 1970 zitie upote wa dakroni peke yake. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kupasua ncha zake. Na kuna mambo mawili ambayo roda haikukufundisha. Upote huvuliwa na kuvishwa kwa kamba yake maalumu, siyo kwa kuukandamiza upinde kwa goti, maana bawa la rikavu likipindika halinyooki tena. Halafu usiuache ndani ya gari juani. Gundi inayoshikanisha tabaka za mbao na nyuzi za kioo haipendi joto.

Mshale ndio wenye kazi

Watu huhangaika na upinde, wakachukua mishale yao ya zamani wakatarajia itatii. Haitatii. Mshale ukiachiwa kwa vidole hauendi moja kwa moja: upote unateleza kando ya ncha za vidole, wano linapinda, linazunguka ubavu wa mpini kama samaki anavyokwepa jiwe, kisha linajinyoosha mbele. Kiasi gani linapinda ndicho kinachoamua kama litafika unapotaka. Wano gumu mno halipindi vya kutosha, linagonga mpini. Laini mno linayumba njia nzima.

Ugumu wa wano la kaboni umeandikwa ubavuni kwa namba, na namba ikiwa kubwa wano ni laini zaidi. Mishale ya 300 au 340 iliyokufaa kwenye roda ya ratili 70 ni migumu kupita kiasi kwa upinde wa jadi wa 45, ambao mara nyingi unataka 500 au hata 600. Manyoya nayo yabadilishe. Yale ya plastiki yakipita juu ya rafu ya mpini yanagonga na kuupotosha mshale, ila manyoya halisi ya bata mzinga hulala chini yakapita.

Jioni moja ya kurekebisha mshale vizuri ina faida kuliko mwezi wa kulenga ovyo. Chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili uliyoinyoa manyoya yote, iwe na chembe za mazoezi zenye uzito ule ule. Piga yote kutoka yadi 10, kisha 15. Kama unavuta kwa mkono wa kulia na mishale mitupu inaangukia kushoto ya yenye manyoya, wano ni gumu mno, kwa hiyo weka chembe nzito zaidi. Ikiangukia kulia, wano ni laini mno: likate robo inchi, upige tena. Usikate zaidi ya hapo kwa mara moja, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Ikiwa mishale mitupu inachoma shabaha ikiwa imeinamisha au imeinua mkia, tatizo si ugumu, ni mahali pa kuupachika mshale kwenye upote. Anza na nusu inchi juu ya usawa wa rafu, halafu sogeza kidogo kidogo. Anayetumia mkono wa kushoto asome maelekezo haya ya kulia na kushoto kinyume.

Sasa uzito. Kwenye roda ulipenda mshale mwepesi wa kasi. Huku tafuta mzito: greni 10 kwa kila ratili ya mvuto ni kipimo kizuri, kwa hiyo upinde wa 45 upewe mshale wa karibu greni 450, na ukiongeza kidogo hakuna ubaya. Mshale mzito huchukua nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye upinde, hupiga kelele kidogo, na hauzimiki kirahisi ukigusa ubavu.

Chembe za kufunguka zenyewe zikigonga mnyama waachie wenye roda. Zinakula nguvu ili zifunguke, na wewe nguvu hiyo huna ya kugawa. Tumia chembe isiyofunguka, ya makali mawili, pana kiasi, inayokata tangu ncha ya kwanza. Inoe mwenyewe. Nyoosha mpira mwembamba wa kufungia noti kati ya vidole viwili, uuguse tu kwa makali. Ukikatika bila kusukumwa, chembe iko tayari. Ukisita, rudi kwenye jiwe.

Wapo wanaonijibu hapa kwamba Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi hawana chembe za kiwandani, na wanakula nyama. Ni kweli, ila wana pinde nzito walizozivuta tangu utotoni, na kwa mnyama mkubwa mshale wao una sumu inayomaliza kazi. Sumu huku katika karibu kila jimbo ni kosa la jinai. Kwako wewe, sumu ni makali.

Kupiga upya kama mtoto

Kwa wiki kadhaa za mwanzo usilenge kitu chochote. Simama yadi tatu mbele ya robota la nyasi lisilo na alama, fumba macho, vuta, tuliza mkono, achia. Unajifunza mambo mawili tu. La kwanza ni kituo cha mkono usoni: kidole cha shahada au cha kati kiguse pembe ya mdomo, pale pale kila mara, maana huna tena lile tundu la upoteni la kuchungulia, na jicho lako sasa ndilo kilengeo cha nyuma. Kituo kikihama nusu inchi, mshale unahama futi. La pili ni kuvuta kwa misuli ya mgongo, bega la nyuma likisogea kuelekea uti wa mgongo, vidole vikilegea vyenyewe badala ya kufunguliwa kwa makusudi.

Zoezi hili linachosha, na ndilo linalorukwa zaidi. Wanaotoka kwenye roda wana ugonjwa wao: jicho limezoea kuona pini imetua kwenye doa, na kidole kimezoea kubonyeza papo hapo. Ukiwapa upinde mtupu, doa likionekana tu, upote umeshakwenda, mkono haujafika hata kidevuni. Robota lisilo na doa linavunja ndoa hiyo kati ya jicho na kidole.

Halafu kulenga. Utaambiwa na wengi kwamba upinde wa jadi hulengwa kwa hisia, kama mtu anavyorusha jiwe, na kwamba kufikiria ni kuharibu. Wapo wanaoweza. Howard Hill, aliyezaliwa Alabama mwaka 1899 na kupiga mishale ya filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, alikuwa gwiji wa upinde mrefu, lakini hata yeye alieleza kwamba kwa ukingo wa jicho alikuwa anaiona ncha ya mshale. Kwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, asiyeweza kupiga mamia ya mishale kwa wiki, hisia tupu ni njia ndefu. Tumia ncha.

Shika upote vidole vyote vitatu chini ya mshale, ili mshale ukae karibu na jicho. Tafuta yadi ambayo ukiweka ncha juu ya doa, mshale unaingia kwenye doa. Huenda ikawa 30 au zaidi. Karibu kuliko hapo ncha itabidi iwe chini ya doa, na ni kazi yako kukariri ni chini kiasi gani kwa yadi 10, 15 na 20. Njia nyingine, inayowafaa sana waliozoea pini moja, ni kuteremsha vidole kwenye upote hadi ncha ije kwenye doa kwa yadi 20 kamili, kisha ufunge uzi mdogo hapo uwe alama ya kidole. Ukifanya hivyo, pima upya mahali pa kupachika mshale, maana upinde utakuwa unavutwa kutoka chini zaidi na mkia wa mshale utainuka.

Mwezi mmoja kabla ya msimu, ambao Ohio na Pennsylvania hufunguliwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, badilisha mtindo wa mazoezi. Toka nje asubuhi, piga mshale mmoja wenye chembe ya kuwindia, kisha rudi ndani. Mshale huo wa baridi, bila kupasha misuli, ndio pekee unaofanana na ule wa msituni.

Yadi zako mpya

Moyo wa kulungu na mapafu yake vina eneo lenye upana wa inchi 8 hivi, sawa na sahani ndogo ya karatasi. Chukua sahani hiyo iwe hakimu. Umbali ambao mshale wako wa kwanza wa siku unaingia ndani yake siku zote, ndio umbali wako wa kuwindia. Kwa wengi wa mwaka wa kwanza ni yadi 12 hadi 15. Wenye uzoefu wa miaka mingi mara nyingi hawavuki 20.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Mshale wa roda unatembea futi 300 kwa sekunde, wa upinde wa jadi kama 175. Tuseme umekadiria kulungu yuko yadi 20 kumbe yuko 25. Kwa roda mshale utaanguka inchi mbili na nusu chini ya ulipotaka, na nyama utakula. Kwa upinde wa jadi utaanguka inchi 7, yaani tumboni, mguuni au mchangani. Ukikosea ukadhani 30 ni 20, roda inakusamehe kwa inchi 6, upinde wa jadi unakutoza 17. Tena kulungu akisikia upote huchutama ili apate nguvu ya kuruka, na mshale wako wa kwenda yadi 20 unampa theluthi moja ya sekunde kufanya hivyo. Funga vipande vya manyoya ya biva au sufu kwenye upote vinyonye kelele, lakini dawa yenyewe ni ukaribu.

Ukaribu huo una historia. Mwaka 1911 huko Oroville, California, alijitokeza Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi. Daktari Saxton Pope aliyemtibu akajifunza kwake kutengeneza upinde na kunyemelea, na kitabu alichoandika mwaka 1923 kiliwaamsha wawindaji wengi wa upinde Marekani. Ishi hakupiga mbali, alijificha na kungoja mnyama amfikie. Pope na rafiki yake Arthur Young baadaye walikwenda Tanganyika, mwaka 1925, kupiga simba kwa mishale. Tusiwasifu bila kusema kwamba bunduki ilikuwa pembeni yao. Wewe huna bunduki pembeni, ila nawe unawinda kulungu, siyo simba.

Kwa hiyo hamisha dungu. Lile uliloliweka ukingoni mwa shamba la mahindi ili uone yadi 40 pande zote halikufai tena. Ingia ndani, tafuta mahali njia mbili za kulungu zinapobanwa na mti ulioanguka au kijito, uweke dungu yadi 12 kutoka hapo, upande unakoelekea upepo, futi 14 hadi 16 juu na siyo 25, maana kutoka juu sana pembe ya mshale inakosesha pafu moja. Ukipiga kushuka, kunja kiuno badala ya kushusha mkono, la sivyo kituo chako usoni kitahama. Na usisahau mkanda wa usalama.

Ngoja akupe ubavu, au ubavu huku kichwa kimeelekea upande wa mbali nawe. Usipige anayekutazama usoni, wala anayekuja kwako. Usivute mapema: ngoja jicho lake lipite nyuma ya mti au ainamishe kichwa, kisha vuta na kuachia katika mwendo mmoja. Ukiona umevuta na nafasi imefungwa, legeza taratibu, ungoje nyingine.

Ukishapiga, sikiliza na utazame alikopitia mwisho. Mshale ukiukuta na povu la damu ya waridi, ni mapafu. Ngoja nusu saa kabla hujamfuata. Ukiwa na majimaji ya kijani na harufu mbaya, ni tumbo: ondoka kimyakimya, urudi baada ya saa nane au zaidi, hata kama roho inakuwasha.

Upinde wako wa roda usiuuze bado. Uvue mishale, uufungie kabatini, wala usiuguse kuanzia Julai hadi msimu uishe, maana wiki moja ya kifyatulio inatosha kuharibu ulichokijenga tangu Februari. Ila ukifika Septemba na sahani bado inakukataa kwa yadi 12, basi mwaka huu winda na roda, na mabawa ya ratili 30 yaendelee na kazi yake gerejini.